Mchanga, chanja, kausho la nailoni au moshi: dagaa wako uwakaushe kwa njia gani?

Siku za giza, mwezi unapokuwa haupo angani, karabai na taa za sola hujaa Ziwa Tanganyika usiku kucha. Kukipambazuka vipe, vyombo vya wavuvi wa dagaa, vinarudi Katonga na Kibirizi mkoani Kigoma, dagaa wanamiminwa kwenye mabeseni wakiwa bado wanang'aa kama bati jipya, na bei inaanza kushuka saa kwa saa. Samaki mdogo namna hii hamsubiri mtu. Ikifika saa nane mchana, aliyenunua ndoo kumi bila kujua ataanika wapi ameshaanza kunusa hasara.

Nimekulia katika kazi hii. Shangazi yangu alikausha dagaa Katonga kwa miaka mingi, na kazi yangu ya utoto ilikuwa kufukuza kuku na kugeuza dagaa. Shuleni nilipofundishwa habari za mvuke, joto na unyevu wa hewa, nikagundua kwamba shangazi alikuwa akiyafanya yote yale kila siku bila kuyataja majina. Makala hii ni ya mtu mwenye mtaji mdogo anayesimama leo mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, na kujiuliza aanike mchangani kama wengine, ajenge chanja, anunue nailoni ya kausho au achimbe tanuri la moshi. Kila njia ina mahali pake. Nitakachofanya ni kuzipitisha zote kwenye maswali yale yale, nawe uchague.

Kukausha maana yake nini

Karibu robo tatu ya uzito wa dagaa mbichi ni maji. Chukua kilo 100 mbichi: nyama, mifupa na mafuta ni kama kilo 25, na zile 75 ni maji. Dagaa wa kutunzika miezi, aliyebaki na maji asilimia 15 hivi, atakupa kilo 29 na ushei. Kwa hiyo kuna kilo 70 za maji zinazotakiwa kupaa. Mtu akikuambia kilo 100 mbichi zimempa kilo 40 za dagaa "wakavu", hesabu inasema zaidi ya theluthi ya gunia lake bado ni maji, na anakuuzia maji hayo kwa bei ya samaki.

Kinachoamua kama dagaa ataoza ni kiasi cha maji yaliyo huru, yale ambayo vijidudu wanaweza kuyatumia. Wataalamu wa chakula huyapima kwa kipimo kinachoanzia 0 na kuishia 1. Maji matupu ni 1, samaki mbichi ni kama 0.99. Kikishuka chini ya 0.9, bakteria wengi wanaoozesha samaki wanashindwa kuzaana. Kuvu ni wavumilivu zaidi. Wengi wao hukoma kikifika chini ya 0.7. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini gunia la dagaa waliokauka nusu halinuki uozo siku ya tatu, ila wiki ya pili ukilifungua unakuta ukungu mweupe umetanda katikati. Dagaa hao waliwashinda bakteria, lakini kuvu walikuwa bado.

Maji hayapai bure. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke katika joto la kawaida kunahitaji nishati ya megajuli 2.4 hivi, kwa hiyo kilo 70 zinataka karibu megajuli 168. Siku yenye jua zuri, mita moja ya mraba ya ardhi yetu hupokea kama megajuli 20 kutwa nzima. Gawanya: mita za mraba nane na nusu, tena kama hakuna mwale hata mmoja unaopotea. Ishike namba hiyo, tutaihitaji mbele.

Tena kukausha kuna awamu mbili. Awamu ya kwanza ngozi bado imelowa, na anayefanya kazi kubwa ni upepo: unaondoa hewa iliyoshiba mvuke juu ya samaki na kuleta nyingine kavu. Awamu ya pili ngozi imekauka, maji yaliyobaki yamo ndani ya nyama na lazima yasafiri hadi nje. Safari hiyo ina sheria ngumu: unene ukiongezeka mara mbili, muda unaongezeka kama mara nne. Kwa sababu hiyo dagaa mwenye unene wa kidole huweza kukauka kutwa moja, wakati mgebuka, samaki mnene zaidi wa ziwa hili, aliyeanikwa mzima pembeni yake anakauka ngozi huku tumbo likioza.

Maswali matano ya kupimia

Nitauliza hivi kwa kila njia. Maji yanatoka kwa kasi gani? Usafi ukoje, yaani mchanga, nzi na kuku? Mvua ikinyesha inakuwaje? Gharama ni ipi, kwa pesa, kuni na nguvu za mwili? Na dagaa wakishatoka hapo, soko linawapokeaje?

Kwangu mimi swali la mvua ndilo zito kuliko yote, na nitaeleza sababu. Mwezi Machi mmoja, nikiwa darasa la sita, wingu lilitukuta saa tisa mchana dagaa wakiwa wamekauka nusu. Tuliwakusanya mbiombio, tukawarundika chumbani, tukafunika turubai. Usiku nikapeleka mkono katikati ya lile rundo: kulikuwa na joto, kama uji uliosahauliwa ndani ya sufuria. Bakteria wakifanya kazi kwa wingi hutoa joto, na joto hilo huwaongezea kasi wao wenyewe. Asubuhi tulikuta funza. Siku ya jua kila njia inafanya kazi. Siku kama ile ndiyo inayoonyesha ulichagua nini.

Isitoshe, kalenda yenyewe inatusukuma kwenye mvua. Kiangazi kikali cha Kigoma ni Juni hadi Septemba, lakini mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Utaratibu wa namna hiyo ni mzuri kwa ziwa, nami nauunga mkono. Ila maana yake kwa mkaushaji ni kwamba anapoteza sehemu nzuri ya jua la mwaka, na kazi yake nyingi inaangukia miezi yenye mawingu.

Mchangani

Watu huidharau njia hii upesi, nami sitaki kuionea. Mchanga wa saa saba mchana unachoma nyayo, na joto hilo linamfikia dagaa kwa chini wakati jua linampiga kwa juu. Siku kavu, dagaa waliotandazwa mmoja mmoja saa moja asubuhi huweza kuanuliwa jioni. Tatizo la kasi liko upande wa chini: hakuna upepo unaopita pale. Maji yanayotoka tumboni yanalowesha mchanga, mchanga unalowesha dagaa, ndiyo maana lazima ugeuze mara kwa mara. Ukichelewa, mgongo unakuwa mkavu na tumbo linabaki laini.

Usafi ndio udhaifu wake mkubwa. Chembe za mchanga hunata kwenye ngozi bado mbichi, na baada ya kukauka hata upepete vipi hazitoki zote. Kila aliyewahi kula dagaa wa namna hiyo anaijua ile sauti kati ya meno. Kuku, mbwa na watoto wanapita. Nzi wa kijani wanataga mayai, na mayai yao huanguliwa ndani ya siku moja hivi. Dagaa aliyekauka kabla ya hapo amepona, aliyelala mbichi usiku mmoja anaweza kuamka na funza.

Mvua ikinyesha umeshindwa mara mbili. Dagaa wanalowa, na hata jua likirudi mchanga wenyewe unahitaji muda kukauka kabla haujafaa tena.

Gharama? Karibu hakuna, na hii ndiyo nguvu yake. Unahitaji ufagio, turubai la dharura na mgongo unaokubali kuinama kutwa. Siku za giza vipe vinapomwaga mzigo mkubwa kwa mpigo, mchanga ndio pekee ambao haujai. Soko lake ni la bei ya chini: wanunuzi wa jumla wasiochagua, na watengenezaji wa chakula cha kuku. Ukitandika nyavu kuukuu au turubai juu ya mchanga unapunguza chembe, na kwa anayeanza na ndoo mbili hilo ni badiliko la siku moja.

Chanjani

Chanja ni meza ya miti au mianzi iliyofika kiunoni, juu imetandazwa wavu wa matundu madogo. Nakiri kwamba ndiyo ninayoipenda, kwa hiyo nitajitahidi kuwa mwadilifu.

Kasi yake inatokana na upepo kupita pande mbili. Ziwa letu linasaidia hapa kwa namna ambayo wengi hatuitambui. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda, na hewa ya ziwani inakuja kujaza nafasi. Usiku mambo yanageuka, upepo unatoka milimani kwenda ziwani. Ukipanga chanja zako ukingoni mwa ufuko, upana wake ukiuelekeza ziwani, upepo huo unapita juu na chini ya dagaa. Upepo tena hubeba joto lake wenyewe, kwa hiyo chanja haitegemei jua tu. Ndiyo maana kwenye siku ya mawingu yasiyo na mvua, wa chanjani anaendelea kukausha, wakati wa mchangani anasubiri.

Nimewahi kusimama na kuangalia tofauti kwa macho. Dagaa wale wale, wa ndoo moja, nusu mchangani nusu chanjani. Dakika chache baada ya kutandaza, chini ya wavu matone yalikuwa yanadondoka moja moja kwenye vumbi na kuacha vitobo vidogo kama vya mvua inayoanza. Yale matone ni maji yasiyohitaji jua kuyavukiza. Yameondoka kwa uzito wao tu. Mchangani maji hayo hayo yalikuwa yamebaki chini ya tumbo la dagaa.

Usafi ni mzuri kwa mchanga na kuku, wa wastani kwa nzi. Nzi anaruka, urefu wa kiuno haumsumbui. Wavu mwingine mwepesi wa kufunika juu unasaidia, na kuwaosha dagaa kwa maji safi kabla ya kuwatandaza kunapunguza harufu inayowaita.

Mvua: unavuta turubai juu ya chanja, upepo unaendelea kupita chini. Hapa watu hukosea kwa kulibana turubai hadi ardhini pande zote. Ukifanya hivyo umejenga chumba cha mvuke. Turubai likae kama paa la nyumba, limeinuliwa kwa mti wa katikati, pembeni wazi. Mvua ya siku tatu mfululizo, hata hivyo, itakushinda.

Gharama ni miti, misumari, nyavu na fundi wa siku moja au mbili, halafu mchwa watakula nguzo ukiziacha bila kuzipaka oili chafu kwenye sehemu inayozama ardhini. Nafasi nayo ni kikwazo: dagaa lazima wawe safu moja, na aliyezoea kumwaga mzigo mkubwa mchangani atashangaa chanja zake tatu zinavyojaa mapema. Soko linalipa. Dagaa wa chanjani hubaki na ule mng'ao wa fedha, hawana mchanga, na mnunuzi wa Dar es Salaam anayefungasha kwenye pakiti huwatafuta hao. Fidia nyingine ni mgongo wako. Unageuza ukiwa umesimama.

Kwenye kausho la nailoni

Hili ni kama banda au kijumba kilichofunikwa nailoni angavu, ndani kuna chanja. Mwanga wa jua unapita, unafyonzwa na samaki, sakafu na kuta nyeusi na kugeuka joto, na hewa iliyopata joto haitoki ovyo.

Siri ya kausho ni unyevu wa hewa. Hewa ya nyuzijoto 25 ambayo imeshajaa mvuke kwa asilimia 80 haina hamu kubwa ya maji zaidi. Ipashe moto hadi nyuzi 40 bila kuiongezea mvuke, na ghafla imejaa asilimia 34 tu, kwa kuwa hewa ya moto ina uwezo mkubwa zaidi wa kubeba mvuke. Hewa ile ile iliyokuwa imeshiba sasa ina kiu. Kwa miezi kama Novemba au Aprili, asubuhi hewa inapokuwa nzito, hili si jambo dogo.

Lakini turudi kwenye ile namba ya mita nane na nusu. Kausho halitengenezi jua. Mita moja ya mraba ya kausho inapokea mwanga ule ule wa mita moja ya mchanga, tena nailoni inazuia kidogo. Mtu akikuuzia kausho la mita mbili za mraba na kukuahidi kwamba litakausha kilo 100 mbichi kwa siku, amekuahidi zaidi ya mara nne ya jua lililopo. Kausho hukausha kidogo kwa uhakika zaidi. Kwa mzigo wa giza, wa ndoo kwa makumi, litakuwa dogo daima isipokuwa uwe na mtaji wa banda refu.

Kwa usafi halina mpinzani: hakuna vumbi, kuku wala mvua, na joto likipanda vizuri nzi wenyewe wanakimbia. Kasi ni nzuri mradi hewa itoke. Tundu la kuingilia hewa liwe chini, la kutokea liwe juu upande wa pili. Ukiona matone yananing'inia kwenye nailoni ndani, hewa haitembei, na yale matone yatawarudia dagaa. Hatari nyingine ni joto kupita kiasi saa za mwanzo. Dagaa mbichi akipigwa na joto kali anaiva kabla hajakauka: anakuwa mweupe, laini, halafu akikauka anamomonyoka kama biskuti. Au ngozi inakakamaa upesi na kuyafungia maji ndani. Fungua matundu sana asubuhi, yapunguze mchana.

Siku ya mvua dagaa hawalowi, na hiyo ni amani kubwa ya moyo, lakini bila jua kausho ni banda tu. Gharama ni ya juu kuliko chanja, na nailoni ya kawaida huchakaa kwa mionzi ya jua ikapasuka. Tafuta ile iliyotengenezwa kwa ajili ya vitalu vya kilimo. Soko ni la bidhaa zilizofungashwa, zenye jina na lebo, ambako usafi wa namna moja kila siku una thamani. Kama huna mnunuzi wa namna hiyo, faida inaweza isirudishe nailoni.

Kwa moshi

Moshi hauhitaji jua. Hilo pekee linaupa heshima yake msimu wa masika.

Unafanya kazi tatu kwa pamoja. Moto unakausha na kuua vijidudu. Kemikali za moshi, hasa fenoli, zinazuia bakteria kukua. Na fenoli hizo hizo zinalinda mafuta ya samaki yasiharibike yakikutana na oksijeni ya hewa. Samaki wa jua akikaa muda mrefu mafuta yake hubadilika rangi kuwa manjano na kuleta ile harufu kali kooni, wa moshi huchelewa. Kwa samaki mnene kama mgebuka, moto ndio unaoweza kusukuma joto hadi mfupani kabla uozo haujatangulia. Kwa dagaa moshi ni mkali kidogo: safu ikiwa nene walio chini wanaungua, walio juu wanabaki wabichi.

Usafi: hakuna nzi, kuna masizi. Na hapa pana jambo la afya ambalo lazima lisemwe. Mafuta yanapodondokea makaa, na kuni zinapoungua bila hewa ya kutosha, moshi hubeba kemikali kama benzopireni, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Anayekula anapata kidogo. Mama anayeinamia tanuri kila siku, mtoto akiwa mgongoni, anaupata kwenye mapafu na macho. Wenzetu wa Afrika Magharibi wameshughulika na hili kwa muda mrefu: tanuri la Chorkor, lililopewa jina la eneo la wavuvi Accra nchini Ghana, linapanga trei juu ya trei ili moshi usipotee, na tanuri la Thiaroye, lililobuniwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na chuo cha uvuvi cha huko Senegal, limeongeza trei ya kukinga mafuta yasifike motoni. Ukijenga tanuri, ongeza walau hicho kikinga mafuta, na bomba la kutolea moshi juu ya kichwa chako.

Gharama kubwa ni kuni, nazo hazimaliziki kulipwa. Kilo moja ya kuni kavu ina kama megajuli 15. Zile megajuli 168 zetu zingehitaji kilo 11 kama moto wote ungeingia kwenye samaki, lakini tanuri la wazi hupoteza sehemu kubwa ya joto hewani, kwa hiyo hesabu halisi ni mara kadhaa ya hapo. Ukiangalia vilima vya Kigoma vinavyozidi kuwa vipara unajua kuni hizo zinatoka wapi. Soko lipo, hasa la migebuka wa moshi, na lina wapenzi wake waaminifu wanaompika na mawese kwa ugali wa muhogo.

Watu huniuliza pia habari za chumvi, maana Uvinza iko hapa hapa mkoani. Chumvi inavuta maji kutoka kwenye nyama na kuyafunga yaliyobaki yasiwe huru, kwa hiyo inasaidia njia zote nne. Ila ina tabia moja: unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75, chumvi yenyewe hunywa maji kutoka hewani. Dagaa wa chumvi waliokauka vizuri Agosti watalowa Desemba kama gunia linapitisha hewa.

Tabia hiyo ya chumvi inakupa na kipimo. Weka dagaa wachache wasio na chumvi kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa, acha kivulini nusu saa, tikisa tena. Wakulima hutumia njia hii kwa mahindi, na kanuni ni ile ile. Chumvi ikinata kwenye kioo, hewa ya mle ndani imepita asilimia 75, maana yake maji huru yako juu ya 0.75, na kuvu wanakusubiri. Wape dagaa siku nyingine juani. Na wakianuliwa wamoto usiwatie guniani papo hapo. Wapoe kwanza, la sivyo watatoa jasho ndani.

Kulingana na hali yako

Kama ndiyo unaanza, mtaji ni ndoo mbili tatu na huna eneo la kudumu mwaloni, anza chini, lakini usianike juu ya mchanga mtupu. Tandika nyavu, nunua siku za jua tu, na faida ya kwanza igeuze kuwa chanja moja.

Kama unakausha kila giza, una eneo lako na unauza kwa wanaopakia treni ya Dar es Salaam, chanja zitakufaa, na turubai la kila chanja lihesabiwe kama sehemu ya ujenzi, si la kununua wingu likishaonekana. Siku mzigo ukizidi chanja, ziada iende kwenye nyavu chini, na uiuze kando kwa bei yake. Ukichanganya na wale wa chanjani utaharibu jina la gunia zima.

Kikundi cha akina mama wenye mkataba na mfungashaji, au wanaotaka kufungasha wenyewe, waanze kulihesabia kausho. Pimeni kwanza kilo mtakazouza kwa wiki, ndipo mpime mita za mraba. Dagaa wakianza chanjani kwenye upepo asubuhi, halafu wakamalizia kwenye kausho mchana, banda dogo litahudumia mzigo mkubwa zaidi, kwa kuwa awamu ya upepo imeshafanyika nje.

Anayenunua migebuka na samaki wengine wanene asihangaike na jua. Tanuri lenye trei na kikinga mafuta ndilo lake. Na mkaushaji wa dagaa aliye na chanja tu, akitaka kuvuka masika, anaweza kuweka tanuri dogo la dharura. Siku mvua inapogoma kukatika, moshi wa usiku mmoja unatosha kuwavusha dagaa hadi asubuhi bila funza, kisha jua likirudi wanamalizikia chanjani kwa kuni chache.

Na kama wewe ni mnunuzi wa nyumbani, umesimama mbele ya sado ya dagaa sokoni Mwanga au Ujiji bila kujua walikaushwa wapi, chukua watatu wa chini, si wa juu. Paka tumbo la mmoja kwa kidole uone kama mchanga unabaki. Wa pili mnuse kichwani. Wa tatu mkunje: akipinda kama kamba ana maji bado, wape familia leo leo, akivunjika kwa mlio mkavu, mwambie muuzaji akujazie.